Kutoka "hii" hadi "huyu": mwongozo kamili wa kuifundisha roboti kutamba hadithi kwa mwili

Kiswahili kina kipimo cha bure cha kazi hii, nacho ni ngeli. Mtazamaji akisema "imegeuka", roboti yako bado ni chombo, iko kapu moja na feni na cherehani. Akisema "amegeuka", basi ameshaihamisha bila kujijua, kutoka kwenye vitu hadi kwenye viumbe. Mimi sina kigezo kingine cha kujua kama onyesho limefaulu.

Roboti yangu ya kwanza ya hadithi ilikuwa na mota saba na ilitikisa mikono dakika nne mfululizo. Nilijivunia sana. Mtazamaji mmoja aliniuliza kwa adabu, "Hivi haichoki?" Ha-i-choki. Niliondoka na jibu langu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipunguza: mota, ishara, digrii. Karibu yote yaliyomo humu ni namna ya kupunguza.

Na kupunguza kunawezekana kwa sababu macho ya binadamu yana njaa ya hadithi. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi yenye pembetatu mbili, duara moja na kisanduku chenye mlango. Hakukuwa na uso, mkono wala sauti. Karibu wote walioitazama walisimulia ugomvi: yule mkubwa ni mkorofi, yule mdogo kaogopa, wale wawili wametoroka. Ikiwa pembetatu inaweza kuwa mkorofi, roboti yako ya kadibodi ina mtaji wa kutosha.

Hatua ya 1: Tafuta hadithi inayotambika kwa mwili

Usianze na mota. Anza na hadithi ya dakika mbili, yenye mhusika mmoja au wawili na jambo moja linalogeuka. Ipitie na kalamu, upige mstari chini ya vitenzi. Kusikia, kuchungulia, kusita, kukataa, kurudi nyuma, kutamani: hivyo vinachezeka. Kurithi, kuahidi na kukumbuka ni vya mdomo, viachie sauti.

Katika mwongozo huu nitatumia kihadithi nilichokitunga kwa ajili ya roboti yenye viungo vitatu tu. Kobe amepewa zamu ya kulinda kisima usiku. Anasikia kitu. Anachungulia kisimani na kuuliza, "Nani wewe?" Kisima kinajibu, "...wewe?" Kobe anaamini kuna kobe mwenzake aliyetumbukia, naye anatumia usiku kucha akimpa moyo mwangwi wake mwenyewe. Nilimchagua kobe kwa hila: mnyama mwenye mwendo wa pole anaficha udhaifu wa mota za bei rahisi. Ukichagua swala, kila mkwaruzo wa gia utakuumbua.

Hatua ya 2: Mwili

Kama una uwezo wa kutumia roboti iliyokwisha kuundwa, NAO ndiyo iliyozoeleka zaidi kwenye maonyesho madogo: ina urefu wa sentimita 58 na viungo 25. Mtunzi wa miondoko ya ngoma Blanca Li alizipandisha jukwaani pamoja na wachezaji wake wa kibinadamu mwaka 2013. Lakini viungo 25 ni mtihani kwa anayeanza. Kila kiungo usichokipangia kazi kitaonekana kimekufa. Roboti ya manjano iitwayo Keepon, iliyobuniwa Japani na Hideki Kozima, ni mipira miwili iliyobebana na ina miondoko minne tu: kuinama, kugeuka, kuegama upande na kudunda. Imewafurahisha watoto kuliko mashine nyingi zenye vidole kumi.

Kwa kobe wetu nunua mota tatu ndogo za sevo. Sevo ni mota inayopewa pembe, ikaenda na kusimama hapo. Aina ya SG90 ina uzito wa gramu 9 na huzunguka karibu digrii 180. Ya kwanza igeuze shingo kushoto na kulia, ya pili iinue na kushusha kichwa, ya tatu inyanyue mguu wa mbele. Mwili uwe wa kadibodi au sponji, maana sevo hiyo ina nguvu ya karibu kilo 1.8 kwa umbali wa sentimita 1. Ukiipa mkono wa sentimita 10, uwezo wake unashuka hadi gramu 180, na hapo ndipo inapokwama. Ukitaka mwendo laini, usivuke theluthi ya uzito huo.

Macho yasiyosogea hayana shida. Chora mboni kubwa nyeusi zinazotazama mbele, kisha shingo ifanye kazi ya macho. Usitengeneze uso wa mtu. Mwaka 1970 Masahiro Mori alieleza kuwa kadiri mashine inavyomkaribia binadamu kwa sura ndivyo tunavyoipenda, mpaka inapofika karibu kabisa ambapo mapenzi yanaporomoka na kuwa kinyaa. Kobe hafiki huko.

Sasa umeme, na hapa naomba unisikilize kwa sababu nililipia somo hili mbele za watu. Sevo ndogo ikibanwa inaweza kunyonya zaidi ya nusu ampea. Mimi nilizilisha zote tatu kutoka kwenye bodi ile ile (kompyuta ndogo ya saketi) iliyokuwa inaziongoza. Nyumbani zilikwenda vizuri. Jukwaani, kobe akiwa amejikunyata kwa hofu na ukumbi mzima kimya, mota tatu ziliamka kwa pamoja, volti zikaanguka, bodi ikajiwasha upya, na kila sevo ikaruka hadi digrii 90. Kobe aliyekuwa anatetemeka akasimama wima kama askari wa gwaride. Walicheka mpaka mwisho, hata pale palipohitaji huzuni. Kwa hiyo: mota ziwe na chanzo chao cha volti 5, angalau ampea 2 kwa sevo tatu, waya hasi wa mota na waya hasi wa bodi ziunganishwe pamoja, la sivyo ishara zitapotea njia, na kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 1000 kwenye njia ya umeme wa mota itatuliza mishtuko.

Kisha pima kila kiungo. Bodi huiambia sevo pembe kwa mapigo ya umeme mara 50 kwa sekunde. Pigo la milisekunde 1.5 huiweka katikati, na lile la 1 au la 2 huipeleka pembeni. Maktaba za programu zitakufanyia hesabu hiyo. Kazi yako ni kuandika kwenye daftari mwisho halisi wa kila upande, kwa sababu sevo inayosukuma ukuta hunguruma kama nyuki chupani na kuungua polepole. Punguza digrii 5 kila upande, ufanye huo ndio mpaka wako.

Hatua ya 3: Ramani kabla ya ishara

Chukua karatasi, chora jukwaa kama linavyoonekana juu. Kisima kiko kushoto kwa kobe, digrii 40, na chini. Kijiji kilicholala kiko kulia. Hadhira iko mbele, sifuri. Ramani hii haibadiliki mpaka mwisho. Msimulizi akitaja kisima kwa mara ya tano na kichwa kikaelekea kulia, mtazamaji hatajua kosa ni nini, lakini kisima kitakuwa kimehama akilini mwake.

Hapo umepata pia hila kubwa kuliko zote katika utambaji wa mashine: kutenganisha fanani na mhusika kwa kutazama tu. Roboti ikitazama sifuri, kwenye nyuso za watu, ni msimulizi. Ikitazama kisima, ni kobe. Huhitaji kubadilisha sauti wala vazi. Kutazama watu kuna faida nyingine: mwaka 2006 Bilge Mutlu na wenzake waliipa roboti ASIMO kazi ya kuwasimulia watu wawili wawili ngano, ikimtazama mmoja zaidi ya mwenzake. Aliyetazamwa zaidi aliikumbuka hadithi vizuri zaidi. Basi msimulizi wako asikodolee ukuta wa nyuma. Gawa hadhira sehemu tatu (digrii -20, 0 na 20) na kila sentensi impe mtu wa sehemu moja, amalize naye, ndipo ahamie kwingine.

Sasa andika ishara kando ya maneno. Mtafiti David McNeill alizigawa ishara za mikono katika makundi manne, nami nimeona mgawanyo wake unafaa sana kwa mashine. Kuna ishara za kuonyesha mahali. Kuna za kuchora umbo, kama mkono unapochora mdomo wa kisima. Kuna za fumbo, pale wazo linaposhikwa kana kwamba ni kitu. Na kuna mapigo: mkono unaopanda na kushuka kufuata mdundo wa maneno. Watu hutumia mapigo mengi, na roboti nyingi zimepangiwa mapigo hayo bila kipimo, ndiyo maana zinafanana na mwanasiasa aliyesahau hotuba. Kwa mota za kawaida yafute karibu yote. Ishara za kuonyesha mahali ndizo zenye tija zaidi, maana zinajenga jukwaa lisilokuwepo. Mimi hujiwekea mpaka wa ishara moja ya mguu kwa kila sentensi tatu, na kila ishara lazima ijibu swali: ingeondolewa, kuna mtu angepotea?

Hatua ya 4: Rekodi sauti kwanza

Sauti ya binadamu, rekodi safi, bila haraka. Acha mapengo marefu kuliko unavyodhani yanahitajika. Ni rahisi kuyakata kuliko kuyaongeza. Spika moja iwe karibu na roboti na nyingine ndogo ndani ya kisima cha kadibodi, ili mwangwi utoke mahali pake. Sauti ya gia za sevo itasikika, hilo halikwepeki. Usiweke mwendo mkubwa chini ya neno muhimu.

Hatua ya 5: Saa ndani ya mwili

Hapa ndipo hadithi inapotambwa au kuharibika, kwa hiyo tutakaa.

Mtu akisikia kitu, viungo vyake haviendi pamoja. Macho hutangulia, kichwa hufuata, kisha bega na mkono, na neno huja mwisho. Hata ishara ya mkono katika mazungumzo ya kawaida huanza kabla kidogo ya neno inaloliandama. Programu nyingi za mwanzo huanzisha kila kitu kwenye milisekunde ile ile, na hapo ndipo ule ubaridi wa mashine unapozaliwa. Achanisha. Kichwa kianze robo sekunde kabla ya mguu, na mguu ufike kileleni pale neno linapoanza, wala usichelewe ukafika likiwa limekwisha kupita.

Jambo la pili ni mkunjo wa kasi. Sevo ikiambiwa nenda digrii 60, inaruka kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde na kugota. Hakuna shingo inayofanya hivyo. Vunja safari hiyo vipande vya milisekunde 20, na kila kipande kipange kwa kanuni hii: chukua sehemu ya muda iliyokwisha pita, iite t, kutoka 0 hadi 1, sehemu ya safari iliyokwisha ni 3t² − 2t³. Kwa mgeuko wa digrii 60 ndani ya sekunde moja, kichwa kitakuwa kimefika digrii 9 hivi kwenye robo ya kwanza, 30 kwenye nusu, na karibu 51 kwenye robo tatu. Kinaanza kwa kusita, kinashika kasi, kinatua. Mstari mmoja wa msimbo, na roboti inapata uzito.

Jambo la tatu ni maandalizi. Anayetaka kuruka huchuchumaa kwanza. Wachoraji wa katuni wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliliweka hili kati ya kanuni 12 walizoandika mwaka 1981, na linafanya kazi vile vile kwenye gia za plastiki. Kabla kobe hajachungulia chini, kichwa kiinuke digrii 5. Hadhira itajua kuna kitu kinakuja, na ikijua itasubiri.

Sasa tazama sekunde kumi na mbili za kobe wetu, kama zilivyo kwenye daftari langu.

Sekunde 0: kobe amesinzia, kichwa digrii 20 chini, kinapanda na kushuka digrii 2 kila sekunde nne. Anapumua. Kwenye sekunde ya 1 tone la maji linasikika kutoka kisimani. Pumzi inakatika, na kwa sekunde nzima hakuna kinachosogea. Kwenye sekunde ya 2 kichwa kinaruka kushoto digrii 8 tu, haraka, bila mkunjo: huo ni mshtuko. Kinaganda tena kwa sekunde moja na nusu. Kisha kinageuka polepole, sekunde mbili nzima, hadi digrii 40 kilipo kisima. Kinapanda digrii 5, kinashuka 30, anachungulia. Sekunde ya 7 na nusu: "Nani wewe?" Kimya. Sekunde ya 9, ndani ya kisima: "...wewe?" Shingo inarudi nyuma kwa kasi yote ya sevo, na mguu unanyanyuka nusu na kubaki hewani. Halafu, taratibu, kichwa kinaacha kisima na kuja sifuri. Anatutazama. Mguu bado uko juu.

Hapo hucheka watu, kwenye sekunde ile ya 12 ambayo hakuna mota inayosogea. Ukihesabu, katika sekunde kumi na mbili mota zimetembea chini ya sita.

Hatua ya 6: Kutulia bila kufa

Kuna kutulia kwa anayesikiliza na kuna kutulia kwa kabati. Tofauti yake ni pumzi. Kati ya miaka ya 1768 na 1774 watengenezaji saa wa familia ya Jaquet-Droz huko Uswisi waliunda mwanasesere anayepiga kinanda, na hawakuishia kwenye vidole. Walikipa kifua mwendo wa kupumua. Bado yuko Neuchâtel na bado anacheza. Mafundi wale walijua kwamba kifua kinachopanda ndicho kinachoaminisha vidole.

Kwa hiyo pumzi iwe kazi ya kudumu kwenye programu, inayoendelea chini ya kila kitu: digrii 2 au 3, mzunguko wa sekunde nne. Iharakishe hadi mbili kwa hofu. Ikate kabisa unapotaka ukumbi mzima ukate wake. Ila usiitumie mkato huo zaidi ya mara mbili katika onyesho moja, maana mara ya tatu watajua ni mtambo.

Ukiwa na wahusika wawili wenye mwili mmoja, wagawie tabia za mwendo. Rudolf Laban, mwanadharia wa ngoma, aliuchambua mwendo kwa uzito, muda, nafasi na mtiririko. Ukimpa msimulizi mwendo mwepesi, wa moja kwa moja na unaotiririka, na kobe mwendo mzito wenye kusitasita, hata mtu anayetazama bila sauti atajua nani yupo. Badilisha mawili tu kati ya manne. Ukibadilisha yote inakuwa vichekesho.

Hatua ya 7: Kitufe kimoja

Usiiache programu ikimbie dakika mbili mfululizo kama treni. Hadhira ya leo itacheka pale ambapo ya jana ilinyamaza, na sentensi inayofuata itazama kwenye vicheko. Kata onyesho vipande tisa au kumi. Kila kipande kikiisha, roboti irudi kwenye pumzi na isubiri. Wewe ukae pembeni na kitufe kimoja: endelea. Wapo watakaosema huo ni udanganyifu. Wachezesha vikaragosi wa bunraku wa Japani, watatu kwa kikaragosi kimoja, husimama jukwaani wakionekana wazi, na bado hadhira humlilia yule wa mbao.

Taa itoke upande mmoja ili vivuli vikuze miondoko midogo. Meza iinue roboti hadi usawa wa macho ya waliokaa. Nyaya zipite nyuma.

Hatua ya 8: Mazoezi ya bubu

Rekodi video ya onyesho zima, izime sauti, umwonyeshe mtu asiyeijua hadithi. Usimweleze chochote na usimuulize "umeelewa?" Mwache aseme mwenyewe anachokiona, nawe andika vitenzi vyake na viambishi vyake. "Inashuka", "inageuka", "imesimama": rudi hatua ya tano. Angalia ni sekunde ipi hasa aliacha i- na kushika a-, kwa kuwa mara nyingi ni sekunde moja inayojulikana, na karibu kila mara huja baada ya kituo. Ikiwa kabla ya sekunde hiyo kuna dakika nzima ya i-, ikate.

Kobe wangu nilimwonyesha mtoto wa jirani, miaka sita, video bila sauti kwenye simu. Alitazama kimya mpaka pale shingo inaporuka zile digrii 8 na kuganda. Akaisogeza simu karibu na sikio lake, akaikuta haina sauti, akanigeukia kwa hasira kidogo: "Kwani yeye amesikia nini?"